Mahame Kando ya Lami

Habari za barabara ya pwani zimetawala tena mazungumzo ya nyumbani kwetu. Lami ya kutoka Bagamoyo kupitia Makurunge, Saadani na Pangani hadi Tanga, njia ya zaidi ya kilomita 240, inajengwa kipande kwa kipande, na daraja limepangwa Pangani, ambako tangu utoto wangu watu husubiri pantoni ya kuvuka kwenda Bweni. Vijana wenye magari ya kubeba wageni wameanza kuchora safari. Mgeni atoke Dar es Salaam, apite Kaole, afike Pangani, aone Tongoni, kisha arudi kwa njia ya bara: Muheza, Segera, Mkata, Chalinze. Mmoja wa vijana hao ni mpwa wangu. Aliponionyesha mchoro wake, upande wa pwani ulikuwa umejaa vituo. Kutoka Segera hadi Chalinze alikuwa ameandika neno moja: kupita.

Mimi ni mzaliwa wa Mazingara, wilaya ya Handeni, ndani ya hicho kipande cha kupita. Sikumlaumu. Ramani zote alizosoma zinasema hivyo. Lakini neno lile lilinirudisha kwenye miaka yangu ya utingo, ambayo sikuwa nimeifikiria kwa muda mrefu, na kwenye mtu aliyenifundisha kuitazama nchi hii.

Nilimaliza darasa la saba katikati ya miaka ya 1980. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa dereva wa Bedford ya mfanyabiashara mmoja wa Korogwe, naye akanichukua niwe utingo wake. Kwetu Uzigua ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama. Mtoto wa dada ni mtu wa mjomba, kwa hiyo hapakuwa na kikao cha kuulizana kama nitakwenda. Tulibeba mahindi na machungwa, mara nyingine mbao, mara nyingine mkaa. Mahali pangu palikuwa juu ya magunia. Nimepanda mabasi na magari ya kila aina tangu hapo, na sijapata kiti kinachoionyesha nchi vizuri kama kile. Ukitoka Mazingara unaona vichaka na mashamba ya mahindi yakipokezana, malambo ambayo ng'ombe na kina mama wanayagawana asubuhi, vilima vidogo vilivyotawanyika, na kwa mbali magharibi Milima ya Nguu. Ukishapita Segera, Usambara inasimama mbele yako ghafla, imefunga kaskazini yote.

Mjomba alikuwa na tabia moja. Palipokuwa na nafasi ya kusimama, kupoza injini au kusubiri mzigo, hakulala chini ya gari kama madereva wengine. Aliingia porini kwa miguu, na mimi nyuma yake.

Mahali pa kwanza aliponipeleka hapakuwa mbali na kijijini kwetu. Nilichokiona mimi kilikuwa pori. Akasema, "Hesabu miembe." Nikahesabu, ilikuwa mikubwa, mingine imekufa nusu, nayo ilikwenda kwa mstari. "Mwitu haupandi miembe kwa mstari," akasema. Akanionyesha jiwe la kusagia lililolala kifudifudi, vigae vya vyungu, na chini ya mkwaju mafungu ya mawe yaliyopangwa, ambayo yalikuwa makaburi. Akasimama kati ya miembe miwili akanyoosha mikono huku na huku. "Hapa ndipo ulipokuwa mlango wa bibi yako."

Sikujua. Mama hakuwahi kunieleza. Palikuwa mahame ya kijiji chetu cha zamani, kilichohamwa wakati wa Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na mwaka uliofuata watu wa sehemu nyingi za nchi walihamishwa, wengine kwa malori, wengine kwa kubeba milango yao kichwani. Handeni ilikuwa imeanza mapema kuliko wengi, kwa kuwa vijiji vya makazi mapya na vya ujamaa vilikuwapo hapa tangu miaka ya 1960, na viongozi waliutolea mfano mkoa wetu. Mjomba hakuizungumzia siasa ile kwa uchungu wala kwa sifa. Alisema shule na zahanati zilikuja kwa sababu watu walikusanyika, na hilo ni kweli. Alisema pia kwamba watu waliacha makaburi nyuma, na hilo nalo ni kweli, wala la kwanza halifuti la pili.

Nilichojifunza pale ni namna nyumba ya udongo inavyokufa. Paa la nyasi huenda kwanza. Mvua za masika chache huangusha kuta, mchwa hula nguzo, na baada ya muda usiozidi utoto wa mtu mmoja unabaki mwinuko mdogo ambao ng'ombe anaupita bila kujikwaa. Kinachobaki ni kile ambacho watu walikipanda: mwembe, msufi, mkwaju wa kivulini, ua la minyaa. Miti hiyo ndiyo kuta zetu. Mtu asiyejua atapita katikati ya sebule ya mtu akidhani anakata porini.

Tuliporudi barabarani nilipanda juu ya magunia yangu nikaanza kuyaona mahame kila mahali. Kati ya Mkata na Kabuku yalikuwa mengi kuliko vijiji vyenyewe.

Korogwe ilikuwa somo la aina nyingine. Mji ule uliletwa na reli: Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902 na Mombo 1905. Na mwaka huo huo wa 1893 Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, nayo iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yalizaliwa mashamba yote niliyoyapita juu ya magunia: Hale, Mnyuzi, Ngombezi, Magunga, Mazinde, mistari ya kijani ya kijivu hadi mguuni pa mlima. Kabla ya Azimio la Arusha, nchi yetu ndiyo iliyoongoza dunia kwa mkonge. Mwaka 1964 zilivunwa tani zipatazo 230,000. Nailoni ikaua bei, mashamba mengi yakataifishwa Oktoba 1967, usimamizi ukalegea, na tulipokuwa tunapita sisi nusu ya korona, yaani viwanda vya kusindika mkonge, zilikuwa kimya, magugu yamepanda juu ya reli ndogo za troli.

Tulikuwa tunashusha mahindi kwenye shamba moja ambalo nyumba ya meneja wa zamani ilikuwa imebaki bila paa. Ilikuwa nyumba nzuri, kibaraza kipana, ngazi za mawe, bustani iliyogeuka msitu. Waliniambia iliwahi kuwa ya Mgiriki. Wagiriki walikuwa wengi katika mkonge wa Tanganyika. Baadhi yao walifika enzi za Wajerumani wakiwa wakandarasi wa reli, wakabaki kulima. Nimesikia baadaye kwamba kwao visiwani watu hulipa fedha nzuri kuendeshwa kijiji hadi kijiji kutazama vijiji vilivyohamwa na nguzo za mahekalu. Kule jiwe liko kila mahali, na jiwe linangoja.

Mzee mmoja aliyekuwa mlinzi pale alituona tunaitazama ile nyumba. Alikuwa ametoka mbali kusini, amekuja akiwa kijana kama manamba, yaani kibarua wa mkataba, hakurudi kwao tena. Mjomba akamwamkia, "Shikamoo babu," na baada ya kuitikia akatuuliza kwa nini kila anayefika anaangalia nyumba ya bwana. Akatuongoza nyuma ya korona hadi uwanda wa nyasi. Akasema hapo palikuwa kambi. Mistari ya vyumba, kila mstari na watu wa kabila lao, majiko nje, ngoma za Jumamosi. Akatuonyesha upande wa kipande, yaani mahali karani alipokaa kuandika kazi ya siku. Kipande chenyewe kilikuwa kadi yenye siku thelathini, na mtu hakulipwa mpaka amezimaliza zote. Halafu akatupeleka mbele zaidi, kwenye makaburi ya manamba. Yalikuwa na vibao vichache sana vyenye jina. Mengi yalikuwa na mnazi mdogo au mkonge uliopandwa kichwani, basi.

Nimelibeba jambo lile hadi leo. Penye nyumba moja ya mtu mmoja pamebaki ukuta, picha na habari. Penye watu maelfu pamebaki nyasi. Ukimpeleka mgeni kwenye ngazi zile za mawe ukanyamaza hapo, utakuwa umemwambia kwamba shamba lile lilijengwa na mwenye kibaraza. Mtu wa kumpeleka nyuma ya korona ni yule mlinzi, na yule mlinzi alikwisha kufariki.

Safari za Tanga ndizo nilizozipenda kuliko zote, kwa sababu mara chache tulipata mzigo wa kuupeleka mpaka Pangani, na njiani ni Tongoni. Wengi mnaijua: msikiti wa mawe ya matumbawe uliobomoka na makaburi mengi, mengine ya nguzo, yaliyojengwa karne ya 14 na ya 15. Vasco da Gama alipita upande huu Aprili 1498 na merikebu yake ya São Rafael ikakwama. Mwaka uliofuata, akirudi kutoka India na mabaharia wachache walio hai, aliichoma moto maeneo haya haya. Kuna kibao, kuna mlinzi, kuna daftari la wageni. Ni mahali pa heshima na ninamtaka kila Mtanzania afike.

Mjomba alizunguka kaburi moja baada ya jingine akitazama mashimo ambamo zamani ziliwekwa bakuli za Kichina. Akaniuliza, "Hizi bakuli walizinunua kwa nini?" Nikasema kwa fedha. Akasema fedha ilitoka wapi. Nikakaa kimya. Akanyoosha kidole magharibi, tulikotoka.

Swali lile lilinifungulia Pangani yote. Mji ule ulikuwa mlango wa misafara iliyopanda na mto kwenda Korogwe, Mazinde hadi Upare na Umasaini, ikirudi na pembe za ndovu na watu. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipanda na njia hiyo mwaka 1857 kwenda kumwona Kimweri, mtawala wa Usambara, huko Vuga. Kimweri alipofariki mwaka 1862, mwanawe Semboja alikaa Mazinde, njiani kabisa, akipokea bunduki na baruti kutoka pwani na kuuza alichoweza, na vita vya warithi vilivyofuata viliijaza misafara ile watumwa. Kuta za matumbawe za Pangani zililipwa na bara. Kuzitazama bila kuitazama bara ni kuona nusu ya hesabu.

Na kuna jambo jingine kuhusu Pangani ambalo vitabu vinalo lakini mabango hayana. Pale anatajwa Abushiri, aliyenyongwa Desemba 1889 kwa kuwapiga Wajerumani. Ni haki yake. Lakini vita havikuisha siku ile. Bwana Heri wa Saadani, aliyewaongoza Wazigua, aliingia bara na kujenga boma la magogo na udongo Mlembule, akalipigania mpaka lilipovunjwa mwanzoni mwa 1890. Boma la mawe la Pangani lipo, unaweza kuligusa. La Mlembule lilikuwa la miti, nalo lilioza na kurudi udongoni kama nyumba ya bibi yangu. Ushujaa ulikuwa mmoja. Vifaa vya ujenzi ndivyo vilivyotofautiana, na kumbukumbu ya taifa imefuata vifaa.

Mjomba alifariki mwishoni mwa miaka ya 1990. Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa nyuma ya usukani.

Miaka michache baadaye nilipata kazi ya kupeleka saruji na mabati Chogo. Wasomaji wa mbali pengine hawajui Chogo ni nini. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi walishuka pwani kutafuta chakula; wakauzwa, au wakajikuta wameuzwa, wakapelekwa Zanzibar na kutoka huko kwa majahazi hadi Barawa. Walitoroka mashamba ya kule, wakajenga vijiji vyao kando ya Mto Juba, wakaishi humo zaidi ya miaka mia na hamsini wakiendelea kusema Chizigua. Vita vya Somalia vya 1991 viliwatoa. Wengine walikimbilia Kenya na baadaye Marekani. Wengine walipanda mashua hadi Tanga na kuomba kupokelewa nchini kwa mababu. Wapatao 3,000 waliishi kwanza Mkuyu, hapa Handeni, kisha wakajengewa makazi Chogo, na zaidi ya elfu moja kati yao wakapewa uraia wa Tanzania.

Nilikuwa nashusha mabati pale nikasikia bibi mmoja akimkemea mjukuu wake. Niliacha kazi nikasikiliza. Alikuwa anasema kama mama yake mama yangu. Nilimwamkia, tukaketi, akaniuliza ukoo wangu, na nilipomtajia akanitajia wa kwake, kisha akanitajia mahali. Hakutaja kijiji. Alitaja kijito, kilima kilicho upande wa jua kuchwa, na mti. Alipewa maneno hayo na bibi yake, naye alipewa na wa kwake, na hakuna aliyewahi kupaona katika watu waliompa.

Nilikwenda nayo kwa wazee wa upande wa Kwamsisi na wa Mkata. Wazee wawili waliokuwa hawajuani waliniambia mahali pamoja. Jina la kijito sitaliandika, kwa kuwa mashamba ya pale yamekuwa na kesi ya mipaka na sitaki makala yangu yawe kidhibiti cha mtu. Nilimchukua bibi yule siku ambayo gari lilikuwa tupu. Kilima kilikuwapo. Kijito kilikuwa mchanga mtupu, kwa kuwa ilikuwa kiangazi. Mti ulikuwa umekatwa, na kisiki chake kilikuwa kinachipuka. Bibi hakulia wala hakuomba dua ndefu. Alichukua fimbo akapiga hatua kutoka kisikini kuelekea kijitoni, akageuka, akaniuliza nani analima hapa siku hizi na kama mtama unakubali.

Hapo nilielewa kwamba mahame hayahitaji kuonekana ili yadumu. Yanahitaji mtu wa kumpa mwingine maneno ya njia: kijito, kilima, mti. Maneno yale yalivuka bahari mara mbili na yalikuwa sahihi. Lakini yanategemea kwamba ukifika, angalau kimoja kati ya vitatu kiwe bado kipo.

Ndiyo maana suala la sasa linaniuma. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1886 na vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Tongoni imo. Kambi ya manamba haimo, wala mahame ya 1974, wala kisiki cha bibi wa Chogo, maana kisiki si jengo. Waziri ana uwezo wa kutangaza mahali pengine, lakini ni lazima mtu amwombe, na kuomba huanza na kuandika. Wakati huohuo mkaa wa Handeni unapanda malori kila usiku kwenda Dar es Salaam. Mchoma mkaa anapomaliza miti ya mwitu anafika kwenye miembe mizee. Mikwaju ilitangulia. Mahame aliyonionyesha mjomba niliyapita mwaka jana: miembe miwili tu imesimama, na kati yake na mlango wa bibi yangu pamechimbwa tanuri.

Na nchi yenyewe inabadilika upesi. Juni 2022 familia za Wamaasai kutoka Ngorongoro zilianza kuletwa Msomera, magharibi mwa wilaya hii. Bomba la mafuta ghafi la kwenda Chongoleani limepimwa katika mkoa wetu. Wawekezaji wanatafuta ardhi. Sisemi yasifanyike. Nasema kwamba katika kila upimaji mthamini huja na daftari la fidia, anahesabu mwembe kama mti wa matunda na kaburi kama kaburi, kila kimoja na bei yake, na hakuna safu katika daftari lile ya kuandika kwamba miembe hii na makaburi haya kwa pamoja ni kijiji. Wazee wangeweza kumwambia, lakini wanaoitwa siku ile ni wenye hati.

Kwa hiyo nilipomrudishia mpwa wangu mchoro nilifuta neno lile nikaandika majina. Mazingara, mahame, saa mbili kwa miguu, aende na mzee wa kijiji na amlipe. Kabuku, mashamba ya mkonge. Korogwe, kwa kuchepuka pale Segera, kambi kwanza, nyumba ya meneja baadaye. Mazinde kwa Semboja. Njia ya Kwamsisi wakati wa kiangazi tu, maana masika gari halitoki. Nikamwambia aendeshe polepole na kiti cha mbele amwachie mwenyeji. Mgeni akae nyuma.

Hilo ni la mtu binafsi. La umma nililipeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Serikali za vijiji zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, zikapitishwa na halmashauri ya wilaya. Niliomba tutunge moja: miti na makaburi ya mahame yaorodheshwe, wazee wayapitie na vijana wenye simu wachukue alama za mahali, na kukata mti ulioorodheshwa kuwe na faini. Wengi waliunga mkono. Kisha akasimama mama mmoja ambaye anasomesha watoto kwa gunia la mkaa. Akasema miembe ile anaijua, babu yake kalala chini ya mmojawapo. Akauliza, mti ukibaki umesimama, mwezi huu utamlipa nini yeye? Hakuna aliyemzomea. Mwenyekiti alipendekeza kwamba kila gari la wageni litakaloingia mahame lilipe ushuru kijijini, na fungu la kwanza liende kwa kaya zinazoacha kukata. Hilo limekubaliwa. Ni kiasi gani kwa gari, na nani ashike daftari, tulibishana hadi magharibi, na kikao kimeahirishwa hadi baada ya mavuno.